Behewa la Mwisho

Mama aliyekaa mbele yangu, goti limefungwa bandeji, alikuwa akimlalamikia jirani yake kuhusu stesheni ambayo wote wawili walikuwa wanaenda kushuka. "Ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, wakati huo treni ina mabehewa matatu. Leo ni manane. Sisi wa behewa la mwisho tunarukia kokoto kama mbuzi, na huko mbele viti havipatikani."

"Jukwaa lilirefushwa mwaka jana, mama," jirani akasema kwa upole. "Linatosha treni nzima. Nimelijenga mimi, kwa mikono hii."

Nikaiangalia mikono. Ilikuwa ya mwashi kweli, ingawa huo si ushahidi.

"Basi tangu hapo treni imeota mkia, fundi. Na choo je? Ufunguo anakaa nao karani wa tiketi, na karani mwenyewe haonekani."

"Choo sikujenga mimi."

"Ningekuwa wewe, hata jukwaa ningelikana."

Fundi akageukia dirisha. Treni ikapunguza mwendo, tukasimama sote watatu. Mimi sikuwa nashuka hapo, nilitaka tu kuona. Mlango ulipofunguka, nusu yake ilikuwa kwenye jukwaa, nusu nyingine juu ya kokoto.

"Umeona?" wakaulizana kwa pamoja.

Fundi akashuka kwenye saruji yake, akageuka kumnyooshea mama mkono. Mama akaupokea, akaukamata barabara, kisha akashukia kwenye kokoto.