Kiti Kilicho Mbele ya Baba Mchungaji

Miaka ishirini na tisa ya kuhubiri redioni inafika ukingoni Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Baba Mchungaji atakapovua vipokea sauti masikioni na kustaafu. Wasikilizaji humwita Radi. Sisi wa hapa kituoni tunajua kuwa radi hiyo hutoka kwa mtu ambaye magoti yake hugongana chini ya meza.

Woga haukumwacha. Kanisani alizoea kuona nyuso. Huku akapewa chumba kisicho na dirisha na taa nyekundu. Taa ikiwaka, ulimi unakauka. Dawa akaitafuta mwenyewe: kiti kimoja mbele yake, na mtu wa kukikalia. Sote tumekikalia, kwa zamu na kwa hofu. Mhasibu aliangukiwa na somo la wizi, akatoka ameloa jasho. Tangu hapo, zikitajwa amri kumi, foleni ya msalani huwa ndefu.

Asubuhi ile ya risasi mtaani hatuisahau. Kipindi kilikuwa hewani. Aliyekuwa kitini alitimua mbio nasi tukamfuata; imani ni imani, na miguu ni miguu. Mchungaji akatazama kiti kitupu, sauti ikakatika. Mji mzima, watu waliolala sakafuni majumbani mwao wakasikia redio imenyamaza, wakadhani kituo kimetekwa. Mke wa Mchungaji, huko nyumbani, akaanza kumlilia mumewe. Ndipo mama wa mapokezi akatoka chini ya kaunta, akatambaa hadi studio, akaketi.

"Nipo, Baba. Endelea."

Sauti yake ilisikika hewani. Mchungaji akaendelea mpaka mtaa ukatulia. Mama mwenyewe anakiri hakusikia hata neno la mahubiri; macho yake yalikuwa mlangoni.

Jumatatu kipindi kinashikwa na mchungaji msaidizi, dada yetu wa matangazo ya vifo. Juzi kwenye majaribio taa iliwaka, naye akabaki mdomo wazi, hata amina haikutoka. Tukatazamana. Hakuna mwingine wa kukishika kipindi.

Baba Mchungaji alipoambiwa achague zawadi, saa ya ukutani au mkoba, alikataa vyote viwili. Aliomba tu mlinzi amfungulie geti Jumatatu asubuhi.

"Mwanangu, nami bado naogopa," alimwambia dada. "Kiti nitakikalia mimi."

Asante, Baba, kwa kuogopa miaka yote hiyo bila kukimbia. Mungu akujalie uzee mtulivu wewe na mkeo, na magoti yako yapumzike vyema, kuanzia Jumanne.