Mama Mbegu, Aliyelima kwa Wivu

Bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mbegu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga.

Alisoma hadi darasa la sita. Kila mtihani alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa msichana mmoja mrefu wa dawati la mbele, na Bibi hakuwahi kumsamehe. Tarehe 20 Desemba 1969 akaolewa na kaka yake yule msichana. Babu anasema yalikuwa mapenzi. Bibi alisema, "Kaka mtu ndiye aliyekuwa akimpikia. Nilitaka tu kumkosesha mpishi." Ndivyo msichana yule alivyogeuka Wifi, tena jirani, shamba kwa shamba, njia ya baiskeli ikipita katikati.

Kazi yake ilikuwa kilimo, lakini heshima yake ilikuwa mbegu. Alifunga mahindi kwa maganda yake, akayaning'iniza juu ya jiko yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Mvua ikikaribia, barazani kwake hapakukosa watu: "Hodi Mama Mbegu, nigawie kidogo." Alikuwa anaringa, jamani, tusifichane.

Mwaka 1994 bwana shamba alikuja na mbegu mpya ya dukani, chotara. Bibi akamuuliza, "Mwanangu, shamba lako liko wapi nikalione?" Hakuwa nalo. Mazungumzo yakaishia hapo. Bwana shamba akavuka njia, Wifi akaipanda.

Yale mahindi yakawahi kukomaa, yakajaa hadi nchani. Watu wakaanza kupita barazani kwa Bibi wakisalimia huku wanatembea, wanaenda kushangaa kwa Wifi. Bibi akahamishia kigoda chake pembeni ya nyumba, awaone vizuri wanaompita. Chakula hakikushuka. Babu akamwambia, "Si ukanunue na wewe?" Akajibu, "Nimuige yule? Bora ning'olewe jino."

Siku moja mchana, Wifi akiwa mashineni, Bibi alivuka njia akachuma mahindi manne, akayafunga kwenye kanga. Msimu uliofuata akayapanda. Yakaota kila moja na lake: refu, fupi, lenye gunzi la punje sita. Wifi akaja kusimama mpakani.

"Wifi, haya mahindi mbona kama yamegombana?"

"Yanapumzika."

"Chotara ukiirudia kuipanda inakukana. Kila msimu inanunuliwa mpya. Ungeniuliza tu."

"Nani kakwambia ni chotara?"

Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Bibi akaingia ndani akafunga mlango.

Lakini kilichomuuma kilikuwa kikubwa kuliko aibu. Kama mbegu inanunuliwa dukani kila msimu, nani tena atapiga hodi kwake? Safari hii akamtafuta bwana shamba mwenyewe. Akaambiwa ipo mbegu bora nyingine isiyo chotara, mkulima anaweza kuivuna na kuitunza. Hakuuliza mavuno wala mbolea. Aliuliza, "Wifi anayo?"

"Bado, mama."

"Basi lete."

Tatizo, mbegu hiyo haitakiwi kuchanganyika na chavua ya mahindi ya jirani, lazima yasichanue pamoja. Kwa hiyo kila mwaka ilibidi Bibi avuke njia akapatane na Wifi nani atangulie kupanda, nani angoje wiki nne. Walianza kwa kununiana. Wakaishia kwenye chai, bado wanabishana. Barazani watu walirudi, naye akawafundisha kuchagua mbegu shambani, mahindi yakiwa bado yamesimama, siyo kwenye lundo.

Mwaka 2021 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Wifi alikuja hospitali na hindi moja, kubwa kama mkono.

"Umekuja kunitambia?"

"Ndiyo."

"Kaa hapo."

Siku hiyo alimkabidhi Wifi mbegu zote. Sisi wajukuu tulilalamika, na hadi leo wivu haujatutoka. Akasema, "Watoto wangu watazila. Nyie mtazipiga picha. Huyu hawezi kulala akijua mahindi yangu yalikuwa mazuri kuliko atakayovuna yeye." Alifariki tarehe 2 Juni 2024, alfajiri, Wifi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watano, wajukuu kumi na saba, vitukuu wawili, na Wifi, ambaye tangu jana anatuuliza nani sasa atampangia tarehe ya kupanda. Mwenye haja ya mbegu msimu huu aende kwake. Apige hodi kwa nguvu, sikio la kushoto halisikii vizuri.

Mungu ampumzishe Bibi yetu kwa amani.