Mpunga Usingoje Matanga Yangu

Sogeeni, wanangu. Josué, wewe uliye mkubwa, kaa hapa upande wa kichwa. Gédéon, usisimame mlangoni kama mtu aliyeleta barua, ingia ukae karibu na ndugu yako. Na wewe Deborah, mjukuu wangu, weka ile sahani chini, chakula hakipiti tena. Nimemwomba Mungu aniachie pumzi ya maneno haya tu, na naona amekubali, lakini msinikatize, kwa sababu nikisimama sijui kama nitaanza tena.

Mnaijua desturi ya ukoo wetu, ila nitaisema ili Deborah aisikie kwa kinywa changu. Nyumba zetu ni nane, na hakuna nyumba inayotia mpunga ardhini kabla mkubwa wa ukoo hajapanda mstari wa kwanza na kuomba. Baba yenu Ilunga alipokufa, wazee waliweka kikapu cha mbegu mikononi mwangu, mimi Dorothée niliyeishia darasa la tano, nami nimefungua msimu mara kumi na moja. Si desturi ya kipumbavu. Tukipanda juma moja, mpunga unaiva juma moja, na ndege wakija wanagawanyika mashamba yote, kila nyumba inapoteza kidogo. Lakini apandaye peke yake, ndege wote ni wake. Ndiyo maana tuliilinda. Kosa langu ni kwamba nilianza kudhani ninalinda desturi, kumbe nilikuwa ninalinda jina langu.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, redio ya hapa Kasongo ilileta kipaza sauti kwenye uwanja wa kanisa letu, ikawaita wakulima, wachungaji, na shehe wa msikiti wa sokoni, waongee juu ya mvua, maana mvua ilikuwa imeacha kufuata njia tunayoijua. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema ni wachimba dhahabu wa Salamabila waliojeruhi milima. Mwingine akasema ni misitu tuliyoichoma sisi wenyewe. Mwingine akasema ni viwanda vya nchi za mbali, sisi tunalipa moshi wa moto tusiouwasha. Mzee mmoja akasema ni dhambi, na wengi wakaitikia. Kisha akasimama Yves, yule kijana agronome, bwana shamba wa sekta, na karatasi yake. Alisema mvua itaanza mapema, itatudanganya, itakatika karibu mwezi mzima, halafu itarudi, na kuanzia Noeli itakuwa na nguvu, kwa hiyo tusiikimbilie mvua ya kwanza, na mwaka huo tusipande bondeni.

Watu walinung'unika, na walikuwa na haki. Mwaka uliotangulia alituambia tungoje, tukangoja, mvua ikapita na kutuacha. Nami nikasimama, maana macho yote yalikuwa kwangu, mama wa kikapu. Nilimwuliza ana hakika gani. Akajibu kwamba miaka kumi ikifanana na huu, saba itakuwa kama alivyosema. Nikamwambia mbele ya kipaza sauti:

"Na zile tatu, mwanangu, iko za nani? Mungu alikupigia telefoni, akakunyima tatu?"

Uwanja wote ulicheka. Hata mchungaji alificha mdomo kwa Biblia. Yves hakukasirika. Alingoja kicheko kiishe, akasema, "Zile tatu sizijui, mama. Siku nikikuambia nazijua, hapo ndipo unicheke." Lakini nani alimsikia? Nilikuwa nimekwisha kuongeza neno la Mungu juu ya mzaha wangu, nikisema imeandikwa hakuna ajuaye siku wala saa. Wanangu, andiko lile linasema juu ya kurudi kwa Bwana, halisemi juu ya mpunga. Tangu utoto nimesoma habari za Yusufu, aliyesema miaka ya njaa inakuja, akajenga ghala, na sikuona kwamba Farao, mtu asiyemjua Mungu, alisikiliza kuliko mimi.

Basi kumbikumbi wakatoka kwenye vichuguu, mvua ya kwanza ikanyesha, nikafungua msimu. Mnajua yaliyofuata. Mvua ilikatika. Mpunga wa mlimani ulichipua, ukageuka rangi ya majani ya kuezekea, ukafa. Mbegu zilizobaki zilikuwa chache, nami nikasema tuzipeleke bondeni, kwenye unyevu. Gédéon, ulisimama hapa hapa ukaniambia, "Mama, bondeni hapana, tungoje tupande mlimani." Nikakujibu kwa mithali, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni mithali ya kweli, lakini haisemi mkuu naye amsikilize nani. Ulichukua fungu lako la mbegu ukalipanda mlimani bila mkono wangu, na mimi nikakutoa mezani, nikakataza jina lako lisitajwe katika maombi ya nyumba hii. Mama anayemkataza Mungu asimsikie mtoto wake! Ukapanda moto yako, ile pikipiki, ukaenda kubeba mizigo njia ya Kabambare, na dada yako Francine, ambaye hakuwahi kunikatalia kitu tangu alipoachishwa ziwa, akashuka bondeni na jembe lake.

Mpunga wa bondeni ulikuwa mzuri. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ulivyonidanganya. Mwezi wa kwanza mpunga ulikuwa umeanza kuweka maziwa ndani ya punje, na ndege walikuja kama vumbi, Francine akajenga kibanda katikati ya shamba, akawa analinda tangu alfajiri mpaka jua kuzama, akipiga bati na kuimba nyimbo za kanisa. Siku ile mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu. Deborah, mwanawe, alikuwa amepanda nyumbani kuchukua chumvi na moto. Namshukuru Mungu kwa chumvi ile, na ninaona haya kumshukuru.

Saa nne hivi telefoni ya Josué ililia. Alikuwa Gédéon, huko juu mtoni, ambako daraja la njia ya Kabambare lilikuwa limekwisha kuondoka mbele ya macho yake. Mvua ilikuwa imenyesha kule siku mbili, na sisi hatukupata hata tone. Sauti yake ikimwita mkubwa wake niliisikia mpaka nilipokaa:

"Mayi ya mto inakuja, yaya! Mwambie mama, Francine atoke bondeni sasa hivi."

Josué alininyooshea telefoni. Nami nikasema, na maneno haya nimeyabeba tangu siku ile, nikasema: "Mimi siongei na mtu asiyeomba msamaha. Na wewe kaa, usikimbizwe na uwongo, tazama mbingu." Josué alikaa. Alikaa kwa sababu nilimwambia akae.

Tulisikia bati likipigwa. Halafu hatukulisikia.

Watu wa mto wa chini walimpata siku ya tatu, na hali yake haikuruhusu kubebwa mbali, ndiyo maana analala kule ukingoni mwa bonde, chini ya miti asiyoipanda mtu wake. Yves alikuja na mbao begani, akasaidia kupigilia sanduku. Mtu niliyemfanya achekwe na uwanja mzima ndiye aliyeshika upande wa miguu wa mtoto wangu.

Sasa niseme nanyi wawili, maana ndiyo sababu ya kuwaita. Gédéon, tangu mazishi unamwita ndugu yako muuaji, nasikia umesema mpaka sokoni, kwamba alikuwa na miguu na hakukimbia. Ni kweli, alikuwa na miguu. Lakini mimi ndiye niliyemlea tangu mtoto kwamba mama akisema kaa, unakaa. Ukitaka kulitamka neno lile tena, taja jina langu mahali pa jina lake, mimi nitakuwa nimekwenda, halitaniumiza. Na wewe Josué, acha kulala na telefoni kifuani. Dada yako hatakupigia. Ulinitii, na kosa la mtii ni la aliyeamuru. Nitalibeba mimi mbele ya Mungu, usinisaidie kulibeba. Gédéon, msamaha niliokudai ni mimi niliyepaswa kuuomba. Ninauomba leo, ndugu yako akiwa shahidi.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Shamba la mlimani mligawe mara tatu: upande wa njia ni wa Josué, upande wa mgomba ni wa Gédéon, na katikati, penye udongo mwekundu, ni pa Francine, maana yake ni pa Deborah, na asitokee mtu wa ukoo kusema huyu ni mtoto wa kike wa mtoto wa kike. Bonde si la mtu. Pandeni mianzi, ikate kasi ya maji. Ile michikichi minne ya mpakani niliyoigombania na jirani yetu mama Sidonie miaka yote, mwacheni achume; alikuwa na haki tangu mwanzo, na nilijua. Redio yangu ibaki hapa nyumbani, isiuzwe, na saa ya taarifa ya mvua isifunikwe na maombi wala nyimbo. Mungu anaweza kungoja dakika tano.

Kikapu cha mbegu kisiwe cha mmoja. Kila mwaka mwiteni Yves, au yeyote atakayekuja nyuma yake, ketini nyumba zote nane, ongeeni. Wazee waseme walichokiona kwa kumbikumbi na upepo, yeye aseme cha karatasi yake, kisha mpande pamoja, juma moja, kwa ajili ya ndege. Josué aanze mstari upande huu, Gédéon upande ule, mpaka mikono yenu ikutane. Nilikwenda kwa Yves mwezi uliopita kumwomba radhi, akaniambia, "Mama, mwaka huu pia naweza kukosa." Akikosa, msimtukane. Gaweni mbegu mara mbili, nusu iende ardhini, nusu ikae, kwa ajili ya zile tatu.

Kuna jambo moja wazee watalikataa, kwa hiyo nalisema ninyi wote mkisikia. Mkubwa wa kikapu akifa, ukoo haushiki jembe siku arobaini. Mmezihesabu? Yves anasema mvua hizi za sasa ni za kudanganya, na mvua ya kweli itashika juma la pili la mwezi ujao, na haitakaa sana. Mkinililia siku arobaini mtapoteza msimu, na mwezi wa tatu watoto wa nyumba nane watakula matanga yangu badala ya wali. Nakataza. Siku ile ikifika, pandeni. Nikiwa ninakufa, pandeni. Nikiwa nimelazwa sebuleni na wanawake wanaimba, toeni kundi moja la wanaume wachimbe kaburi, wengine wapande. Wazee wakiuliza, waambieni mama wa kikapu ndiye aliyefungua msimu, kwa kinywa chake, leo.

Na kaburi... nilitaka kulala karibu na Francine. Nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali, upande wake wa kulia. Lakini Yves anasema maji ya mwaka huu yatapanda tena mpaka ukingoni. Basi nizikeni mlimani. Na yeye, kabla ya Noeli, mpandisheni aje. Fanyeni ninyi wawili, msilipe watu.

Mkono wangu ni mzito, Deborah, ninyanyulie. Uweke juu ya kichwa cha Josué. Na hiki ni cha nani? Gédéon. Sogea, hapo. Bwana awape mvua kwa kipimo. Awape masikio. Asiwaache mkajiona... mkajiona wakubwa kuliko mtu mwenye habari. Mlimani kwenu pawe... pawe na kuimba.

Mnalia nini. Jua bado liko juu, na lile pori la upande wa mgomba halijafyekwa. Chukueni mapanga. Nendeni wote wawili, sasa, mfyeke. Deborah atabaki na mimi. Nendeni tu... nitasikia mapanga.