Uji wa Mwalimu Matuta

Mdogo wangu alisingiziwa. Naanza hapo kwa sababu amelala mbele yenu na hawezi tena kujisemea. Mwenyekiti wa mradi wa watoto alisimama katika uwanja wa soko, akashika kipaza sauti, akasema Mwalimu Matuta anawatumikisha watoto wa watu kwa kikombe cha uji. Haikuwa kweli, na aliyesema alijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974, kitinda mimba wa mama yetu, katika chumba cha nyuma ya kinu cha kusaga ambako baba alikuwa mlinzi. Mama alipotutoka, mimi ndiye niliyembeba mgongoni.

Alianza shule mwaka 1982. Ada ilitosha mmoja. Akaenda yeye, nikabaki na jembe. Ndiyo maana maneno haya ni yangu lakini mwandiko ni wa binti yake. Alipohitimu chuo cha kilimo mwaka 1996, alinikabidhi cheti. "Dada, hiki ni chako. Mimi nilikibeba tu."

Alikuwa bwana shamba hadi mwaka 2009, alipopewa na mradi wa watoto jalala la zamani nyuma ya karakana ya magari, afundishe watoto waliolala vibarazani na waliofukuzwa shule. Kila mtoto alipata tuta lake. Aliwafundisha kupanda, kufua nguo, kuweka akiba, na kumkatalia mtu mzima anayekuja na zawadi za siri.

Msimu wa kwanza matuta yote yaliota, isipokuwa la binti tuliyemwita Panzi.

"Mwanangu, karanga zako zimelala?"

"Hazijalala, Mwalimu. Nimezila."

"Zote?"

"Nilibakiza moja. Nikaionea huruma, iko peke yake."

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Kesho yake alinunua sufuria kubwa, na tangu hapo hakuna mtoto aliyeshika mbegu kabla ya kunywa uji. Alisema mwenye njaa hapandi, hula mbegu. Uji wenyewe ndio huo.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2002 na wifi yangu, mshonaji, wakajaliwa binti na mwana. Wifi ndiye aliyekoroga sufuria ile miaka yote, na hata siku moja hakuna aliyempa asante kwenye kipaza sauti.

Mwaka 2021 wafadhili walikuja, wakakuta watoto wametapakaa matope, wakauliza wanalipwa nini. Mwenyekiti alikuwa amepitisha ratiba ya shamba mwenyewe, na uji ule alikuwa akiunywa vikombe viwili. Alipoona mradi unamponyoka, akamtupa mdogo wangu kwa maneno yale ya sokoni. Lango likafungwa kwa kufuli. Nyanya zikaozea ndani, watoto wakizitazama kupitia wavu. Nanyi mliokuwa mkimwita baba wa wote, mkimwona mlivuka barabara. Wenyewe mnajijua.

Tarehe 3 Februari 2023 alipatwa na kiharusi. Panzi, ambaye sasa ni muuza miche, alikuja kila asubuhi kumnywesha uji kwa kijiko. Kila alipoweza kutamka, aliuliza, "Watoto wamekula?" Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 21 Juni 2024, akiwa bado mtu aliyetumikisha watoto, kwa jinsi mji huu unavyojua.

Ameacha mke, binti, mwana, mimi dada yake, na watoto wa matuta, ambao wamesimama pale nje ya turubai kwa sababu hakuna aliyewawekea viti.

Mwenyekiti, kwenye ratiba unanifuata mimi, na umeandikiwa kutoa rambirambi. Rambirambi zako baki nazo. Unachodaiwa ni kusema kwamba ulisema uongo, mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile. Kipaza sauti hiki hapa, nakukabidhi. Ukishasema, mdogo wangu atapumzika kwa amani.