Vidonge Vitatu na Tende

Nilidanganya, akina mama wenzangu. Nianzie hapo kabla ujasiri haujaniponyoka. Daktari aliniuliza mara mbili kama nilimeza dawa ilivyoandikwa, na mara zote mbili nikaapa, "Kila kidonge." Haukuwa uongo mtupu. Nilivimeza vyote. Nilichoficha ni kwamba nilivimeza vitatu kwa mpigo, na tende.

Ilikuwa Ramadhani. Figo la kulia liliuma hadi natembea nimejipinda. Nikapewa antibiotiki, kidonge kimoja kila baada ya saa nane, nikaambiwa niache kufunga hadi nipone. Mimi? Mimi niliyewahi kuandika makala ndefu kwamba dini ni wepesi na mgonjwa ana ruhusa? Niliona haya kuonekana nikinywa maji mchana hapa mtaani Iftin. Nikapiga hesabu yangu ya chuo kikuu: vitatu kwa siku ni vitatu kwa siku. Adhana ya magharibi, tende, maji, vidonge vitatu, sambusa. Msicheke, nawaona mnavyotazamana!

Homa ikashuka, nikajisifu. Wiki ilipokwisha ikarudi. Nikapewa tena dawa, nikafanya vilevile, ikarudi tena. Safari ya tatu yule daktari, msichana anayeniita eddo kama shangazi yake na mama yangu ayeeyo kama bibi yake, aliweka kalamu chini.

"Eddo, bakteria wako tumewaotesha maabara. Kwenye sahani dawa hii inawaua wote. Mbona ndani yako hawafi?"

Nikatazama dari.

"Eddo."

"Nilikuwa nafunga," nikasema, na mengine yote yakamwagika.

Hakunigombeza. Aliniuliza, "Jioni ukiweka wachungaji watatu zizini, kisha wote waondoke pamoja, fisi atakuja saa ngapi?"

"Wakishaondoka."

"Haya. Kwenye sahani dawa haiondoki. Kwenye damu inapanda, halafu mwili unaitoa, inashuka. Dawa hii haiui zaidi kwa kurundikwa, eddo, inaua kwa kukaa. Ikishuka, waliosalia wanazaana. Ukiendelea kuwaonjesha na kuwaacha, watabaki sugu. Hapo ni kulazwa na sindano, na figo lako sikuahidi."

Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa, lakini nilichangamka kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi! Kumbe si uchawi, si bahati mbaya, ni saa! Nikamweleza dereva wa tuktuk habari ya fisi njia nzima, hadi akauliza, "Sasa mama, unashuka ama tunarudi hospitali?"

Kesho yake saa nane mchana nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni na kidonge cha dozi mpya na glasi yangu ya maji. Mama yangu akanikuta.

"Unamkimbia nani?"

"Majirani."

"Mungu amekupa ruhusa, wewe unamrudishia kama gauni lisilokutosha? Kunywa!"

Tangu siku hiyo, kila saa nane mchana, alikaa nami kibarazani mbele ya macho ya mtaa mzima. Kinywa chake kikavu, mkononi ameshika glasi yangu. Asubuhi saa kumi na mbili, mchana saa nane, usiku saa nne. Sikukosa kidonge hata kimoja.

Namshukuru huyo mama. Namshukuru msichana wa hospitali. Nawashukuru nyinyi mlioniletea uji mchana wa Ramadhani bila kuuliza neno. Na mwenye kidonge mkobani leo asikie: kumaliza dawa hakutoshi. Saa nayo ni dawa.

Baada ya Idi nilipeleka mkojo tena maabara. Siku ya tatu nilikuwa nimefunga, nalipa siku zangu, simu ikalia. Nikaitazama tu hadi Mama akaipokea yeye, akaiweka kwenye spika nisikie.

"Eddo, sahani yako ni safi. Hakuna bakteria aliyeota."

Mama akaisogeza simu mdomoni, akiwa hajaridhika. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja, ayeeyo."