Maili Themanini Bila Marlys

Katika kambi ya magari-nyumba ya Quartzsite, jangwani Arizona, kijiwe ni benchi la nje ya chumba cha kufulia nguo. Kila asubuhi ya Januari wastaafu waliokimbia theluji ya kwao huanika magoti hapo na kumnanga yeyote anayeshindwa kuegesha. Hodari wa kunanga ni Harlan Oberst, aliyepewa jina la Gavana kwa kupenda kuamrisha. Siku hiyo alikuja mbio, simu ya mkewe mkononi.

— Marlys hayupo!

— Hayupo wapi? aliuliza Bi Verlene, aitwaye Redio, mwenye habari za kambi nzima hata kabla hazijatokea.

— Garini! Tulikuwa tunatoka kwa fundi, Phoenix. Nikajaza mafuta Wickenburg, nikajua amelala chumbani nyuma. Nafika hapa, nafungua, kitanda kitupu. Simu hii hapa, na pochi ameiacha.

Profesa, fundi bomba mstaafu na mwenye chupa ya kahawa, alipaliwa.

— Maili themanini tangu Wickenburg, Gavana? Hukumsemesha?

— Nimemsemesha mpaka koo limekauka! Nimemweleza bei ya dizeli, nikamweleza na upumbavu wa kaka yake. Hakubisha.

— Miaka arobaini na moja anabisha, leo kanyamaza, nawe hukushtuka?

— Nilidhani hatimaye amenielewa.

Redio alicheka mpaka akashika benchi.

— Kosa ni la gari, alisema Profesa. Gari likizidi futi thelathini na tano, sauti ya mke haifiki mbele. Hiyo ni sayansi.

— Sayansi ya bomba hiyo! Kosa ni la friji yao mpya. Inanung'unika vilevile kama Marlys, mume atatofautishaje?

— Basi gari lilikuwa na wake wawili.

— Au kashuka makusudi, Redio aliongeza, macho yakimng'aa. Saa hizi yuko njiani kwenda Meksiko na muuza matairi.

— Verlene!

— Mimi nasema tu, bwana.

Gavana alicheka nao, ila macho yalibaki kwenye simu ya mkewe. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuwaambia wengine la kufanya. Leo alitamani mmoja tu amwambie yeye.

— Kaa, Gavana, alisema Profesa akimmiminia kahawa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maana yake, aliyesahaulika hurudi mwenyewe.

— Na subira huvuta heri, alidakia Redio. Ukimfuata mtapishana.

Gavana akakaa. Akamaliza kikombe, akaongezewa cha pili.

Joelle, mgeni aliyeingia kambini jana yake, alikuwa akitoa nguo kwenye mashine, na yote aliyasikia. Alitoka na simu sikioni.

— Samahani, wazee wangu. Nimewapata polisi wa Wickenburg. Wanauliza, mama amevaa nini?

Gavana alifumbua kinywa.

— Amevaa… sweta. Hapana. Lile koti…

Alimtazama Profesa. Profesa akatazama kahawa. Redio, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, hakuwa na habari.

Asubuhi hiyohiyo Gavana alikula mayai akiwa ametazamana na mkewe. Mayai aliyakumbuka. Yalikuwa yamepungua chumvi, na alisema hivyo.

— Wanasubiri, mzee, alisema Joelle taratibu.

Gavana aliweka kikombe chini.

— Waambie sijui. Waambie naja mwenyewe.

Alirudi maili zilezile bila kutamka neno. Akamkuta Marlys kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta, katikati ya madereva wawili wa malori, wanawake, wote watatu wakifuta machozi ya kicheko. Mezani palikuwa na pai aliyonunuliwa. Mwilini alikuwa na jaketi la Gavana mwenyewe, lile la kijani.

Madereva walimtazama Gavana kutoka utosini hadi miguuni.

— Umegundua wapi kwamba sipo? aliuliza Marlys.

Uongo ulimjia mwepesi kabisa. Akauacha upite.

— Kambini.

Marlys alimaliza pai yake bila haraka, akafuta midomo, akanyoosha kiganja apewe funguo.

— Naendesha mimi. Wewe nenda kalale chumbani nyuma. Tukifika, nikikumbuka, nitaangalia kama umo.