Sista Aliyetembea Kinyumenyume

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi katika wodi ya miguu ya watoto, Sista wetu anastaafu Jumamosi hii, tarehe ishirini na tisa. Anastaafu kazi, jamani, si utawa. Utawa haustaafiwi, na yeye mwenyewe amenituma niliseme hilo mapema, maana tangu tangazo libandikwe ukutani kuna watu wanampa pole kana kwamba kafukuzwa shirikani.

Wapo wafanyakazi wapya wasiolijua jina lake la nadhiri. Hawana kosa. Kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, hospitali nzima humwita Sista Kinyumenyume, naye huitika bila kinyongo. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike habari zake bila kujichomeka mimi fundi viatu. Nitajitahidi.

Alizaliwa katika nyumba ya watoto sita, baba seremala, mama mshonaji. Alipotangaza kwamba anataka usista, mama alilia mpaka macho yakavimba. Mama alikuwa anataka wajukuu, na tegemeo lake kubwa lilikuwa binti huyu, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuazima watoto wa majirani na kuwabeba kutwa. Miaka mingi baadaye mama huyo alikuja kumtembelea wodini. Akamkuta binti yake kazingirwa na watoto: mmoja kashika sketi, mwingine kang'ang'ania rozari, wa tatu yuko sakafuni anamfungua kamba za viatu. Alirudi nyumbani akawatangazia majirani kwamba yule aliyekataa kuzaa ndiye aliyewashinda ndugu zake wote kwa wajukuu.

Alifika hapa sista kijana, nadhiri za kwanza bado mbichi, na cheti chake cha mazoezi ya viungo kwenye begi. Wodi ilikuwa chumba kimoja na korido ndefu ya saruji. Watoto waliletwa na nyayo zilizogeukia ndani, magoti yanayogongana, miguu iliyodhoofishwa na ugonjwa. Madaktari walinyoosha na kufunga plasta, karakana ikatengeneza viatu na vyuma, halafu mtoto anasimamishwa pale, mguu umenyooka kama rula, naye hataki kuuinua. Hapo ndipo kazi ya Sista ilipoanzia.

Wengine humshika mtoto kwapani wakamsukuma kwa nyuma. Sista alisema mtoto anayesukumwa hujifunza kuogopa. Yeye alisimama mbele yake, uso kwa uso, mikono ameinyoosha bila kumgusa, akarudi nyuma hatua moja, akamwambia aje, asitazame chini, amtazame yeye. Mtoto akisogea, Sista anarudi tena. Kwa miaka yote hiyo amekwenda korido ile kinyumenyume, akaijua kwa mgongo: wapi pana mlango wa stoo, wapi saruji imepasuka, wapi mtu wa usafi hupenda kusahau ndoo.

Na wodini aliweka sheria moja: hapa hatoki mtu kwa kubebwa. Mtoto kaingia mgongoni kwa mama yake, sawa, lakini siku ya kuruhusiwa atatoka kwa miguu yake, kutoka mlango wa wodi hadi getini, na mama atashika mbeleko ikiwa imekunjwa. Hata kama safari itachukua asubuhi nzima. Hata kama dereva anapiga honi. Kina mama waliolegea moyo pale kwenye bomba la maji, katikati ya njia, wakainama wamnyanyue mtoto, walikutana na jicho la Sista. Ni mpole sana, lakini jicho lile, we acha tu.

Sasa hapa nimeshindwa kutojitaja, mhariri anisamehe. Mimi nami niliingia kwa mbeleko. Mama yangu alikuwa amekwisha kukubali kwamba mwanawe ni wa kubebwa, alichokuwa anajiuliza ni nani atanibeba yeye akizeeka. Siku tuliyotoka niliburuza chuma changu mpaka getini, huku mama anaikunja ile mbeleko, anaikunjua, anaikunja tena, hajui afanye nini na mikono yake. Ameitunza mpaka leo, na ole wake atakayeigusa. Nilipokua nilirudi kujifunza kushona viatu karakana, nikakaa moja kwa moja.

Mazoea yana taabu, Waswahili walishasema. Katika jubilei yake ya miaka ishirini na mitano ya nadhiri, Sista alipangiwa kuongoza maandamano ya masista kuingia kanisani. Nyuma yake alikuwa sista mzee mwenye magoti mabovu, anaburuza mguu. Masikio ya Sista wetu yalipoudaka ule mburuzo tu, basi. Akageuka, akanyoosha mikono, akaanza kurudi nyuma huku anamwita kwa tabasamu, kanisa zima limesimama, kwaya inaimba, mpaka mgongo wake ukamgota Baba Askofu mbele ya altare. Askofu, Mungu ambariki, alimshika mabega akamgeuza taratibu. Kwaya ilipoteza ubeti mzima. Jioni Mama Mkuu alimwita ofisini, na waliopita nje walidhani anagombezwa, kumbe wote wawili wanacheka hadi wanakohoa.

Mwezi wa pili mwaka huu wodi ilipata zawadi ya benchi jipya, likawekwa koridoni. Kila mtu alilisifia. Hakuna aliyekumbuka kwamba mgongo wa Sista haukuwa na habari. Asubuhi hiyo alikuwa anamwita mtoto mmoja mkaidi tuliyempachika jina la Waziri, kwa sababu alikuwa akiambiwa atembee anakaa chini na kukunja mikono kama yuko kikaoni. Sista akarudi nyuma, akajikwaa kwenye benchi, akaanguka, nyonga ikavunjika. Waziri alimtazama pale chini. Halafu, bila ukuta wala mkono wa mtu, akatembea mpaka alipolala Sista, akakaa kando yake na kushika shela yake. Tulikimbia na machela, na huku anaumia vile, Sista alikuwa anatupigia kelele tumwangalie mtoto, katembea!

Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma. Daktari alisema waziwazi kwamba kwa umri wake huenda asitembee tena. Mama Mkuu akapanga tarehe ya kustaafu na nafasi katika nyumba ya masista wazee, ikakubaliwa kwamba siku hiyo atasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye gari. Mpango wa busara, na Sista alitii, kama alivyotii mengine yote. Lakini nilipompelekea ndala, nilimkuta analia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alisema kiti hakimuumizi kitu. Kinachomuumiza ni wale watoto watakaokuwa madirishani wanamwangalia, kila mmoja ameambiwa na yeye mwenyewe kwamba hapa hatoki mtu kwa kubebwa.

Nilikwenda kwa Mama Mkuu. Nilijiandaa kubishana, nikakuta hakuna wa kubishana naye. Alisema Sista ajaribu kutembea, na kiti kikae karibu.

Basi nimemshonea viatu, cha kulia soli imeinuliwa kidogo, na kila asubuhi namtangulia kinyumenyume koridoni. Tuonee huruma: fundi mwenye chuma mguuni anarudi nyuma mbele ya sista mwenye chuma kwenye nyonga. Watoto wanacheka mpaka wanashikilia vitanda. Na mgonjwa mbaya kama huyu sijapata kumwona. Anatazama chini. Ananikosoa ninavyonyoosha mikono. Anadai kupumzika, na anataka kupumzika kwenye benchi lile lile! Juzi tulifika kwenye bomba, akawa hoi, tukarudi. Getini hatujafika hata mara moja.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, masista na wageni wetu, mambo machache kuhusu Jumamosi. Baada ya misa na hotuba (wasemaji mjifupishe, tafadhali), tunaomba njia kutoka mlango wa wodi hadi getini iachwe wazi. Benchi tutalitoa. Asiwepo wa kumshika mkono, hata kwa mapenzi. Kiti cha magurudumu kitafuata nyuma, naye asikumbushwe kwamba kipo. Dereva, honi hapana. Akichoka kwenye bomba tutasubiri, tuna siku nzima. Akianguka atainuliwa na ataanza tena, ndivyo alivyotufanyia sisi. Waziri, ambaye siku hizi anakimbia na kuvunja vikombe, ameomba kutembea kinyumenyume pamoja nami, nimemkubalia.

Sista, kwa kila mtoto uliyemwita na kila mama uliyemkunjisha mbeleko, asante. Huko uendako Mungu akupe afya, usingizi mwororo, jirani mwenye kupenda utani, na korido isiyo na benchi. Sauti ya kuimba tunakuombea pia, ingawa mwalimu wa kwaya amekata tamaa kitambo.

Mama yangu amesema atakuwepo. Atasimama getini, na ile mbeleko ameikunja. Sisi wengine tutakuwa mbele yako, tunarudi nyuma hatua moja moja. Njoo, Sista. Usitazame chini, tutazame sisi.